Heko, Mheshimiwa Huna Ruhusa

Wapo wanaosifu simba na wapo wanaosifu wali wa nazi. Bibi harusi husifiwa hata na watu waliokuja kula tu. Lakini sijasikia mtu akisimama ukumbini kumsifu yule anayejitokeza katikati ya kioo cha kompyuta, kwa Kiingereza cha maneno matatu, kumwambia mwenye mali kwamba amekataliwa. Hii ni dhuluma. Mheshimiwa Huna Ruhusa amekaa nasi majumbani miaka mingi, hali, hanywi, hadai posho, na mshahara wake ni matusi. Leo naomba apewe haki yake.

Kwanza tutazame anavyojua kuchagua wakati. Siku programu inapofanya kazi vizuri humwoni. Hata siku inapoharibika haji. Husubiri mpaka umeshaifuta ile ya zamani kwa mkono wako, umepakua mpya kwa bando lililokuwa likusukume wiki nzima, umebofya kwamba umekubali mkataba ambao hukuusoma, na mstari wa kijani unakaribia ukingo wa kulia. Hapo ndipo anapotokea. Akiwa na haraka hujiita kosa namba 5. Akitaka uone uzito wa jambo hujiita 1603, namba ambayo haikuambii chochote ila kwamba usakinishaji umekufa. Ukichimba huenda ukakuta mfumo wenyewe haukuwa na haki ya kuandika kwenye folda uliyoichagua. Kisha ule mstari huanza kurudi nyuma taratibu, na wewe unabaki bila ya zamani wala mpya. Wanasiasa hulipa washauri ili wajifunze kuingia jukwaani namna hiyo.

Nasaba yake si ya kubahatisha. Chuo cha MIT, Marekani, kilikuwa na mfumo ulioitwa CTSS, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza 1961, uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Mara watu wakishakuwa wengi, swali la cha nani ni kipi halikwepeki, na kila mtu akapewa nenosiri. Siku moja katika miaka hiyo ya 1960 mafaili mawili yakabadilishana nafasi wakati wasimamizi wakiyahariri: orodha nzima ya nywila ikakaa mahali pa tangazo la siku. Kila aliyeingia kazini alikaribishwa kwa siri za wenzake wote. Aibu za namna hiyo ndizo zilizomlea Mheshimiwa.

Sisi wa majumbani tulichelewa kumpata. Windows 95 na 98 zilikuwa shamba la bibi: faili halikuwa na mwenyewe, na programu yoyote ikiingia ilijichotea. Tarehe 26 Aprili 1999 kirusi kiitwacho CIH, kazi ya mwanafunzi wa Taiwan, kililipuka kwenye kompyuta za namna hiyo, kikafuta diski, na kwa baadhi ya mashine kikaandika takataka ndani ya chipu ya BIOS hata zikashindwa kuwaka. Kwenye Windows NT, ile ya maofisini, kirusi hicho hakikufua dafu. Huko Mheshimiwa alikuwa kazini tangu 1993, pamoja na mpangilio wa diski wa NTFS unaobandika kwenye kila faili orodha ya nani aguse na nani asiguse.

Windows XP ilimleta nyumbani 2001, lakini ikampa mabosi wengi mno, kwa kuwa karibu kila akaunti ya nyumbani ilifunguliwa ikiwa ya msimamizi. Alikaa mlangoni akipiga saluti tu. Madaraka kamili aliyapata 2007, Vista ilipokuja na kile kidirisha kinachotia kioo kizima giza na kuuliza kama kweli unataka jambo hili litendeke. Watu walilalamika, na Apple wakatengeneza tangazo la televisheni la kukicheka. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa usalama wa kompyuta mjini San Francisco, ofisa mmoja wa Microsoft akasema waziwazi kwamba kidirisha kile kiliwekwa ili kiwaudhi watumiaji. Hakuwa anatania. Hesabu yao ilikuwa kwamba mtumiaji akiudhika vya kutosha atamgeukia mtengenezaji wa programu na kumuuliza kwa nini mchezo wa karata unadai mamlaka ya kubadilisha mfumo mzima. Na mbinu ilifaa, maana programu nyingi za siku hizi hujisakinisha kwenye folda ya mtumiaji mwenyewe na kuondoka bila kumwamsha mtu. Nimesikia hotuba nyingi za uzinduzi wa miradi. Sikumbuki hata moja ambamo kiongozi alitangaza kwamba lengo ni kero, kisha lengo likatimia.

Sasa maadili yake. Kwetu hata ndugu wa damu hupiga hodi, akasubiri karibu, akavua viatu. Programu hazikuzaliwa na adabu hiyo. Mheshimiwa ndiye aliyezifunza. Na hodi yake haina upendeleo. Wewe ni msimamizi, akaunti inasema hivyo, lakini ukiingia unapewa vitambulisho viwili: cha mtu wa kawaida, ambacho unatembea nacho siku nzima, na cha bosi, ambacho kimefungiwa mpaka ukiombe. Ndiyo maana kisakinishi kilichokataliwa kwa mbofyo mara mbili hukubaliwa ukikibofya kwa kitufe cha kulia na kuchagua kukiendesha kama msimamizi. Ni mtu yuleyule, kiti kilekile, kipanya kilekile. Hakubali chai, hajui mjomba wako anafanya kazi wapi, na sauti ya juu haimtishi. Taja ofisi nyingine unayoweza kuisema hivyo.

Lakini ukitaka kuuona ukuu wake wote, piga window upya.

Kompyuta ya mezani imekuwa nzito, fundi wa mtaani ameitwa, amekunywa soda, amepiga window safi kabisa. Picha za harusi, risiti za duka na folda ya programu ya mahesabu zilikuwa diski D, hazikuguswa. Unafungua akaunti mpya. Unaipa jina lilelile la zamani, Mama Neema, na nenosiri lilelile, ili mambo yaendelee yalipoishia. Unakwenda D, unabofya folda ya picha, na Mheshimiwa anakutazama kama hajawahi kukuona.

Naye hasemi uongo. Yeye hasomi jina. Ndani kabisa kila akaunti ni namba ndefu inayoanza na S-1-5-21, ikafuatwa na mafungu matatu ya tarakimu yanayozaliwa mfumo unaposakinishwa, na mwishoni mkia mdogo, mara nyingi 1001. Ukipiga window upya, mafungu yale matatu huzaliwa upya. Mama Neema wa jana na Mama Neema wa leo ni watu wawili wasio na undugu. Fungua sifa za folda ile, nenda kwenye usalama, utamkuta mmiliki wa zamani ameandikwa kuwa akaunti isiyojulikana, pembeni ana kialama cha kuuliza na ile namba yake ndefu. Ni marehemu mwenye hati. Nyumba ameiacha, mfumo uliomzaa umeshafutwa, lakini kwenye orodha ya folda yake bado ana haki zote, na warithi wako nje wanabishana.

Mirathi hii ina utaratibu, na humalizika haraka kuliko mirathi nyingi tunazozijua. Msimamizi hafunguliwi kila kitu moja kwa moja, ila ana haki moja ya ajabu: anaweza kujitangaza mmiliki wa chochote, kisha kwa umiliki huo akajipa ruhusa. Kwa folda ya kawaida kidirisha chenyewe hukupa kitufe cha kuendelea, jina lako likaandikwa kwenye orodha, faili moja baada ya jingine. Ikigoma, mafundi hufungua ule ukurasa mweusi wa amri na kutumia takeown kuchukua umiliki, halafu icacls kugawa ruhusa. Mtaani amri hizi mbili zimewalipia watu kodi za nyumba, na hilo nalo liingie kwenye hesabu ya fadhila za Mheshimiwa.

Ipo hali moja ambayo huwa hatanii. Kama kwenye toleo la Pro uliwahi kuweka tiki ya kufumba faili kwa siri, ile inayoweza kugeuza majina ya mafaili kuwa ya kijani, na ukapiga window bila kuhifadhi cheti chake, basi chukua umiliki, jipe ruhusa zote, badilisha mafundi watatu: jibu ni huna ruhusa, na litabaki hivyo. Ufunguo ulikuwa ndani ya ule mfumo uliofutwa. Hapa sifa zangu zinapungua sauti kidogo.

Tumsifu pia kwa heshima anayowapa wafu wengine. Umeiondoa programu ya printa, unataka kuisakinisha tena, na faili moja halikubali kufutwa, kuandikwa juu, wala kutazamwa. Unafungua usalama wake uone nani anamiliki, unaambiwa hata hilo huna ruhusa kulijua. Watu wengi hufikiri wamelogwa. Ukweli ni kwamba faili hilo limeshafutwa! Matoleo mengi ya Windows hayaziki faili ambalo bado kuna programu imelishika. Hulitia alama ya kufutwa na kungoja aliyelishika aliachie. Katika muda huo wa kungoja, kila anayeligusa hupewa jibu la kukataliwa, hata kama ruhusa ziko sawasawa. Aliyeshika mara nyingi ni huduma ndogo ya printa hiyohiyo, ambayo kiondoaji kiliisahau nyuma ya pazia.

Ndiyo sababu ushauri wa fundi wa kuzima na kuwasha, tunaoucheka, una akili. Tatizo ni namna tunavyozima. Tangu Windows 8 ya 2012, kompyuta nyingi ukibofya Shut down haziachii kila kitu. Kiini cha mfumo hulazwa kwenye diski ili kesho kiamke haraka, na huduma zake huamka nacho. Ukibofya Restart ndipo kila kitu hufungwa kweli na kuanza upya. Mtu anaweza kuzima na kuwasha wiki nzima akamkuta Mheshimiwa palepale, na jirani yake akabofya Restart mara moja yakaisha.

Binamu yake wa Linux ana ucheshi wa aina yake. Kwa miaka mingi, mtu asiyeandikwa kwenye orodha akijaribu kutumia amri ya sudo, aliambiwa kwamba tukio hilo litaripotiwa. Kwa nani? Kwenye kompyuta ya nyumbani taarifa hutumwa kwa msimamizi mkuu, yaani wewe, kwenye sanduku la barua ambalo hujawahi kulifungua. Uongozi wa wazi kuliko huo haupo.

Kama ilivyo kwa kila mwenye sifa, ana maadui, na maadui zake hujiita wakombozi. Yupo anayesema diski C nzima ipewe kundi la Kila Mtu na mamlaka kamili, na wa upande wa Linux anayesema chmod 777 kuanzia kwenye mzizi. Huyo wa Linux atashangaa sudo inagoma kabisa, kwa sababu chmod imeinyang'anya ile alama ya kuendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, na hata ingekuwa nayo, sudo imeandikwa isiamini orodha yake ikiona kila mtu anaweza kuibadilisha. Wa Windows hatashangaa mapema. Mambo yataenda vizuri, kila programu itaingia, watoto watasakinisha michezo, mpaka siku programu mojawapo itakapofunga picha zote kwa ufunguo na kudai fedha. Yupo pia yule wa programu ya wizi, ambaye maelekezo yake huanza kwa kukuomba uzime ulinzi kwanza. Anayekuomba umtoe mlinzi kabla hajaingia ameshajieleza, na sioni haja ya kumjadili.

Kuna wanaonijibu kwamba kompyuta ni yangu, nimeinunua kwa fedha yangu, sihitaji kuombwa kitambulisho. Hoja ina uzito, na siku nyingine nitaitetea. Lakini anayebofya si lazima awe wewe. Programu yoyote uliyoifungua hutembea na kitambulisho chako, na Mheshimiwa hawezi kutofautisha kidole chako na chake. Ndiyo maana mafaili ya mfumo, tangu Vista, hayamilikiwi na msimamizi hata kidogo. Yanamilikiwa na jina moja la TrustedInstaller, ambalo si mtu bali ni huduma ya kusakinisha masasisho ya Windows. Wengi hulichukia jina hilo wanapolikuta. Mimi nalitamani lisimamie mambo kadhaa nje ya kompyuta.

Basi, ndugu msomaji, akikusimamisha tena mlangoni, msalimie kwa adabu. Bofya Restart kabla ya kuita mtu. Endesha kisakinishi kama msimamizi. Ukilazimika kuchukua umiliki, chukua wa folda moja iliyogoma, C iache ilivyo. Na kabla fundi hajapiga window, zinakili picha za harusi kwenye diski ya nje isiyotumia NTFS, maana huko Mheshimiwa hana la kuzifanya.