Nani Yuko Zamu?

Kwetu Rumonge, Burundi, mtu akishikwa na homa, hakuna anayemwuliza homa imeanza lini. Swali ni moja tu: nani yuko zamu? Na mwenye jibu ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, muuza ndagala, ambaye hajasomea uganga hata wa mbuzi, lakini ratiba ya kituo chetu cha afya anaijua kuliko mkuu wa kituo. Jina la kituo silitaji. Nitaugua tena, na nitarudi palepale.

"Leo usiende, shemeji," ananiambia. "Leo yuko yule mrefu. Huyo hata ukienda umekanyaga mwiba anakupa parasetamoli. Vumilia hadi kesho usiku, yuko mama wa miwani. Mama wa miwani anatia serumu."

"Na kama ni malaria?"

"Inategemea. Kwa mrefu huna. Kwa mama wa miwani unayo. Yule kijana mpya atakutoboa kidole kwanza."

Kesho yake asubuhi nikamfuata kijana. Akanitoboa kidole, akatia damu kwenye kile kipimo cha haraka, tukasubiri, akasema sina malaria, nikapumzike, homa ikizidi nirudi. Kutoboa vidole hakukubuni yeye: tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Nikarudi nyumbani mikono mitupu. Mke wangu akanitazama kama mtu aliyetumwa sokoni akarudi na kapu tupu. "Hawakukupa kitu? Hata kidonge?"

Usiku nikasindikizwa, au niseme nikasukumwa, kwa mama wa miwani. Hakupima. Alinivuta kope na kusema, "Hii hapa, naiona." Damu ileile ya asubuhi, mtu yuleyule, kituo kilekile, na usiku nikawa mgonjwa wa malaria mwenye serumu mkononi na heshima tele kwa majirani.

Baba mkwe naye alikuja kunijulia hali, akasikitika kwamba sikupewa Nivakini, ile klorokwini ya zamani. Nikamwambia, baba, Nivakini ilikwisha. Mwaka 2003 nchi ilihamia artesunate na amodiaquine, na 2019 ikahamia artemether na lumefantrine. Akajibu kwamba yeye ilimponya. Katika familia hii kila mtu ana malaria ya enzi yake.

Na mizani! Ile ya chumba cha mbele hunipa kilo ambazo ile ya chumba cha nyuma huninyang'anya. Kwangu ni kichekesho, ila dozi ya mtoto hukadiriwa kwa uzito wake, kwa hiyo kuna mtoto mahali fulani anayekunywa dawa ya mlango alioingilia.

Sitaki kuwaonea wauguzi. Usiku mmoja nimemwona mmoja wao, peke yake, akizalisha huku, akishona jeraha kule, na katikati akitukanwa na mlevi. Na yule mrefu, nilipochunguza, anatoa parasetamoli kwa sababu mara nyingi ndiyo iliyobaki kabatini. Lakini msiniambie dawa ya haya yote ni kuniletea muuguzi hodari. Hodari tunaye. Yuko zamu siku mbili, kisha anaitwa semina Bujumbura. Mimi nataka huduma inayochosha kwa kufanana, kama chapati za yule mama wa pale ufukweni, ambazo za Jumatatu na za Ijumaa ni mapacha, awepo yeye au binti yake.

Tena inawezekana, na ushahidi ni shemeji mwenyewe. Kipindupindu kiliingia Burundi mwaka 1978 na kikaupenda mwambao huu wetu, ambako bomba likikauka watu huteka ziwani. Tarehe 1 Januari 2023, wenzetu wakitakiana heri, wizara ya afya ilitangaza mlipuko mwingine. Na safari moja kipindupindu kilimkamata shemeji. Mlangoni mwa hema la wagonjwa wa kipindupindu alinyunyiziwa klorini miguuni. Akapimwa upungufu wa maji kwa hatua zilizobandikwa ukutani: macho yamezama? ngozi ukiifinya inarudi upesi? anakunywa? Aliyeishiwa kabisa hutiwa serumu, mililita 100 kwa kila kilo, mtu mzima ndani ya saa tatu. Mwenye nafuu hupewa pakiti ya chumvichumvi, moja kwa lita moja ya maji salama, anywe.

Shemeji akalazwa juu ya kile kitanda chenye tundu na ndoo chini yake, na alipopata sauti aliuliza, "Nani yuko zamu?"

Haikusaidia kitu. Mrefu alikuja na kikombe na kuandika kila alichokunywa. Kijana alikuja na kikombe. Mama wa miwani, tegemeo lake, naye alikuja na kikombe. Alipomwomba serumu, kwa siri, kama jamaa, alionyeshwa ukuta. Watu walewale watatu! Kule kituoni kila mmoja ni ufalme wake; hapa hemani dawa ipo, karatasi ipo, hesabu inakaguliwa, na wote wamekuwa mtu mmoja. Kipindupindu kisipotibiwa kinaweza kuua hata nusu ya waliozidiwa. Kikitibiwa hivyo, hakifikishi mmoja katika 100. Shemeji alitoka amepona, amekasirika.

"Maji tu wamenipa," alilalamika. "Maji! Na ziwa zima liko hapo."

Nilimsimulia habari za Dilip Mahalanabis. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, daktari huyo alikuwa kambi ya wakimbizi ya Bongaon, upande wa India, na serumu zikamwishia. Akachanganya chumvi, glukosi na soda ya kuokea kwa kipimo kimoja, na jamaa za wagonjwa ndio waliowanywesha kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya vinne. Shemeji alisikiliza vizuri, kisha akauliza kama Bongaon hakukuwa na mama wa miwani.

Makaratasi peke yake hayaponyi, hilo najua. Mwaka 1972 Philpott na Castle, huko Harare ilipokuwa bado ikiitwa Salisbury, walichora kwenye partogramu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa uzazi, mistari miwili, wa tahadhari na wa kuchukua hatua, ili mkunga ajue mapema uchungu unapochelewa. Mke wa shemeji alipojifungua, nilimkuta mkunga akiichora kwa rula, kwa unadhifu wa ajabu. Mtoto alikuwa tayari ananyonya.

Hata hivyo ipo siku ambayo kituo chetu hufanana na lile hema. Tangu 2010, nchi nzima, vituo hupata sehemu ya fedha zao kwa kadiri ya kazi na ubora, na kila miezi mitatu wakaguzi huja na orodha yao ya maswali. Siku hiyo sabuni hutokea. Mizani mbili husema kilo zilezile. Vidole hutobolewa mpaka vya waliomsindikiza mgonjwa, na mrefu anaweza kukuuliza jina lako na umri, akaandika.

Shemeji amekwisha kuigundua. Zamu hazifuatilii tena. Sasa anahonga ndagala ili ajue tarehe ya wakaguzi. Baba mkwe ana henia inayomsumbua tangu masika, na juzi ameambiwa na mwanawe avumilie kidogo, asiiharakishe, robo ya mwaka inakaribia kwisha.