Jinsi ya Kushindwa Kujenga Kasri na Bado Ukalala Pakavu

Ndugu uliyevuka kutoka Pweto au Moba, Kongo, nawe jirani uliyezaliwa Kashikishi, hapa Nchelenge, Zambia: kasri hatutajenga. Saruji ni ghali na mvua haisubiri mtu. Basi tushindwe kwa akili. Njia za mkato zipo, na mimi nazitetea.

1. Tafuta kiwanja kwanza. Hapa serikali ilifanya jambo kubwa. Mwaka 2017 vita vya mikoa ya Tanganyika na Haut-Katanga kule Kongo vilipowaleta watu Nchelenge, walipokelewa katika kituo cha muda cha Kenani. Mapema 2018 yakafunguliwa makazi ya Mantapala, familia zikagawiwa viwanja na mahali pa kulima. Kuta walijijengea wenyewe. Mtu akishajua pa kusimama, udongo hautamshinda.

2. Nauli ya kwenda benki nunulia misumari. Sehemu kubwa ya ardhi ya ufuko huu wa ziwa ni ya kimila. Sheria ya Ardhi ya 1995 inaruhusu kuibadilisha iwe ya hati, hadi miaka 99, chifu akiridhia. Lakini safari na gharama zake humchosha mvuvi, na bila hati benki haioni dhamana. Wewe mwenyeji, nenda kwa mkuu wa kijiji, pimeni mipaka mbele ya majirani, muandike kwenye daftari.

3. Fuata kalenda ya ziwa. Uvuvi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari, mvua ikiwa juu na mfuko ukiwa mtupu. Fyatua matofali Juni. Pesa ya dagaa wa chisense ya Agosti igeuze bati, moja moja, kabla ndugu hawajainusa. Shemeji hakopi bati.

4. Danganya macho, usijaribu kudanganya maji. Sote twapenda kusifiwa, kwa hiyo zitumie sifa zikusaidie. Safu za chini, zinazorukiwa na matone, ziwe za matofali ya kuchoma. Juu yake endelea na mabichi. Paa lipite ukuta vya kutosha. Kisha chukua udongo mweupe upake upande wa barabarani tu: wapita njia hawazunguki nyuma. Ila mwanya kati ya ukuta na paa uzibe pande zote nne, na dirisha liwe na wavu. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zenye malaria kali zaidi, na mbu hupita hapo hapo juu usipopatazama.

5. Usiiombe serikali nyumba. Mwaka 1996 iliuza nyumba za halmashauri kwa wapangaji wake kwa bei nafuu. Alifaidi aliyekuwa ndani tayari. Wa kibanda cha nyasi alibaki na kibanda chake. Iombe usichoweza kufyatua: kisima, barabara, darasa. Mfuko wa maendeleo wa jimbo ulipanda kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 mwaka 2022. Mkutano wa kata wa kujadili pesa hizo ukiitishwa, wahi kiti cha mbele.

Soko litakuuzia bati, na hulifanya vizuri. Mahali pa kulisimamishia bati hilo halikupi, kwa sababu maskini hana cha kuweka rehani. Hiyo ni kazi ya serikali na machifu.

Nanyi mnaogawa viwanja, tupeni karatasi, na jina la mama liandikwe humo pamoja na la baba.