Commando na Ng'ombe wa Tisa

Mahari ya mke wangu ilikuwa ng'ombe wanane. Nimelipa tisa. Huyo wa tisa hakutokana na ukorofi wa wakwe wala uchache wa adabu za mshenga wangu. Alitokana na sinema ya Arnold Schwarzenegger, na kosa lilikuwa la mdomo wangu mwenyewe.

Ili tuelewane, inabidi nianzie Kamunyonge, mjini Musoma, nilikokulia. Mtaani kwetu palikuwa na kibanda umiza: mabanzi ubavuni, mabati juu, mabenchi yasiyopigwa randa, runinga ya inchi 21 juu ya kabati, deki chini yake, na jenereta uani likikohoa usiku kucha. Mlangoni palisimama ubao ulioandikwa kwa chaki: LEO LEO! KOMANDOO! KIFO NJE NJE! Kiingilio kilikuwa shilingi 50. Mimi na rafiki yangu hatukuwa na shilingi 50. Tulikuwa na msumari.

Kwa msumari huo tulitoboa ubanzi, kila mtu tundu lake. La kwangu lilikuwa kushoto, na mbele yake alipenda kukaa mzee mmoja mwenye kofia ya pama, kwa hiyo niliiona runinga nusu. Rafiki yangu alikuwa na tundu la kulia. Sinema ikiisha tunakwenda chini ya mwembe kuunganisha: mimi namtaja aliyerusha ngumi, yeye anamtaja aliyeipokea. Maoni yangu ya kwanza juu ya sinema yalikuwa ya upande mmoja, na wanaonifahamu wanasema sijabadilika.

Kibanda kilijaa zaidi siku za mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, na wavuvi hubaki nchi kavu wakiwa na hela za giza lililopita na usiku mzima wa kuzitumia. Hao ndio waliotufundisha sheria za sinema. Sheria ya kwanza: stelingi hafi. Sheria ya pili: akifa, basi huyo hakuwa stelingi, mlimkosea tangu mwanzo.

Sheria hizo zilipata mtihani ilipokuja Titanic. Sinema ile ni ya saa tatu na dakika 14, na kwenye deki ilikuwa mikanda miwili. Mwenye kibanda akaona mikanda miwili ni viingilio viwili. Wengi wakalipa wa kwanza tu, wakatoka meli ikiwa bado inaelea. Hadi leo kuna watu wazima Kamunyonge wanaokuambia Titanic ni sinema nzuri ya mapenzi: kijana maskini alipata mchumba melini, wakafika salama. Ukiwabishia wanakuuliza kama wewe ulikuwemo.

Waliobaki kwa mkanda wa pili walikuwa wavuvi, na hawakuwa na muda na mapenzi. Walimjadili nahodha. Usiku hauna mwezi, unakimbiza chombo hivyo unakwenda wapi? Mmoja akasema hata yeye na mtumbwi wa injini ya kuazima asingefanya vile. Meli ilipoanza kuinuka upande wa nyuma, mzee mwenye pama alisimama akatoka bila kuaga, na kwa mara ya kwanza tundu langu likaona runinga nzima. MV Bukoba, meli ya ziwa letu la Victoria, ilikuwa imezama tarehe 21 Mei 1996, mwaka mmoja na miezi kabla Titanic haijatoka. Hakuna aliyemwambia mzee akae, na hakuna aliyemcheka.

Sasa turudi kwa Arnold, ambaye sisi tulimwita Anodi. Enzi hizo muvi ya Kizungu isiyotafsiriwa ilikuwa kama ugali mkavu. Nchi nzima ilimjua Lufufu, yaani Kapteni Derek Mukandala, ambaye sauti yake ilikuchukua mkono ikakupitisha sinema yote. Kutoka Kenya, kwa njia ya Sirari, zilikuja za DJ Afro, zenye Sheng ambayo tuliielewa robo na kuicheka yote. Waganda nao wana watafsiri wao, ma-VJ. Nyuma ya vigogo hao walikuwepo wadogo wasiojulikana, wenye maikrofoni moja na ujasiri mwingi, waliotafsiri Kiingereza wasichokijua kwa watu tusioweza kuwasuta. Mkanda wa Commando uliofika Kamunyonge ulikuwa kazi ya mmoja wao.

Kwa mujibu wa mkanda ule, kisa kilikuwa hivi. Anodi alioa, akatoa ng'ombe wachache, akaahidi kumalizia baada ya mavuno. Mke akafariki. Anodi akahamia mlimani na binti yake, akawa anakata magogo na kula aiskrimu kama mtu asiyedaiwa. Bennett, yule mwenye masharubu na fulana iliyofumwa kama wavu wa sangara, ni shemeji mtu, kaka wa marehemu. Amekuja kudai ng'ombe kumi na wawili waliobaki. Hakupewa, akamchukua binti awe rehani. Kuanzia hapo kila risasi ilikuwa na sababu yake. Mwishoni, Anodi anapomchoma Bennett kwa bomba na mvuke unamtokea kifuani, mtafsiri alipaza sauti hadi spika ikakoroma: "Haya, chukua ng'ombe wako hao!"

Watoto wa mkoa wa Mara hatukuhitaji maelezo zaidi. Huku mtu anaweza kusahau siku yake ya kuzaliwa, lakini hasahau ndama wa mahari ambaye hakuletwa mwaka fulani. Nikakua nikijua kwamba Commando ni sinema ya mahari, na kwamba Wazungu nao wana matatizo kama yetu, ila wao wanatumia mabomu.

Kasoro yangu ni kwamba sinema nikishaiona siwezi kukaa nayo. Kwetu hatusemi tu kwamba sinema ni nzuri, tunaionyesha kwa mikono. Nina kinyozi mmoja ambaye huigiza mapigano mashine ikiwa inanguruma karibu na sikio langu. Siku moja, akiwa amemaliza upande wa kushoto wa kichwa, alinitaka maoni juu ya muvi za Bongo. Nikasema bila kufikiri kwamba zina vilio vingi mno. Akazima mashine. Akaiweka mezani. Juu ya kioo chake pana picha ya mwigizaji Steven Kanumba, na imekuwepo tangu Aprili 2012, mwezi aliofariki. "Rudia," akasema. Nikajitazama kwenye kioo: nusu mimi, nusu mkimbizi. Nikatamka kwamba Kanumba ndiye stelingi mkubwa kuliko wote aliyewahi kutokea Afrika Mashariki na kwamba vilio vile vina mafunzo. Mashine ikawashwa. Kuhusu Kanumba nilisema ukweli, lakini nakiri kwamba maoni ya mtu aliyenyolewa nusu si maoni huru.

Tena kuna wanaotoa maoni bila hata kuona. Ilipotoka Black Panther mwaka 2018, jirani yetu, Mjaluo wa Shirati, aliisifia wiki mbili mfululizo. "Omera, dada yetu yumo humo." Dada ni Lupita Nyong'o, ambaye baba yake ni mtu wa Kisumu, na kwa hesabu za jirani kutoka Shirati hadi Kisumu ni ukoo mmoja, mpaka uliwekwa na wageni tu. Tulipomuuliza sinema inahusu nini alisema hajaiona, ila ni nzuri. Aliyeiona alikuwa fundi baiskeli, Mkurya, na hakuridhika. "Wakanda ni matajiri gani wale? Wanafuga vifaru. Sasa kifaru unamtolea nani mahari?" Nadhani hakuna mhakiki yeyote duniani aliyeligusa jambo hilo.

Kwa malezi hayo, ndipo nilipokwenda Kiabakari kuposa.

Mjomba alinionya ndani ya basi kuanzia Bweri hadi tunashuka. "Bwana harusi hasemi. Kazi yako leo ni kutazama viatu vyako." Nikavitazama. Wakwe walianza na ng'ombe kumi na wanne, mjomba akaanza na watano, wakavutana kwa heshima saa tatu nzima, wakakutana kwa wanane. Makofi. Soda zikafunguliwa. Baba mkwe, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kufungwa kamba, akasema kwa furaha kwamba ameridhika, maana kitu asichokipenda ni deni la mahari linalovuka mwaka.

Hapo ndipo viatu vilipopoteza ladha. "Ni kweli kabisa baba," nikasema. "Hata kwenye Commando mambo yaliharibika hivyo hivyo."

Pakawa kimya. Mjomba akanikanyaga.

"Commando ipi?" akauliza baba mkwe.

"Ya Anodi. Alivyodaiwa ng'ombe na shemeji yake, Bennett."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Kumbe mkanda ule alikuwa nao miaka yote, wa Kiingereza, na alikuwa akiwaonyesha wanafunzi wake wa darasa la saba kila walipomaliza mtihani. "Mura," akasema polepole, kama anayesahihisha daftari, "ile sinema ni ya mwaka 1985. Bennett alikuwa askari chini ya Matrix, huyo Anodi wako, akafukuzwa kikosini. Waliomteka yule mtoto ni watu wa Arius, wanataka Matrix akamuue rais wa Val Verde. Ng'ombe wametokea wapi?"

Mtu mwenye akili angecheka, akaomba radhi, akamalizia soda yake. Mimi nilikuwa na utoto mzima wa kuilinda sinema yangu. Nikamwambia kwa upole kwamba yeye aliona ile ya Kizungu, ambayo haina maelezo.

Shangazi wa bibi harusi, ambaye hakuwa ameiona yoyote kati ya hizo mbili, ndiye pekee aliyenielewa. Akasogeza kigoda. "Na huyo Anodi, mwishoni alilipa?"

"Hapana, shangazi. Alimuua shemeji."

"Kwa ng'ombe kumi na wawili?"

"Kwa bomba."

"Na wewe unasema hiyo sinema ni nzuri?"

"Nzuri sana," nikajibu, kwa sababu ndivyo nilivyoamini. Nilipoinua macho nikawaona mashemeji zangu watatu wamesimama mlangoni na chupa za soda mkononi, hakuna anayekunywa.

Wakwe waliomba dakika kumi za faragha. Waliporudi, shangazi ndiye aliyesema. Wanane wamepokelewa kwa shukrani. Wa tisa ni wa dhamana, kwa ajili ya usalama wa mashemeji. Mjomba hakupinga. Njia nzima ya kurudi hakunisemesha, hadi tulipopita Makutano akaguna, "Kwa bomba!" Akanyamaza tena.

Baada ya harusi mke wangu alitaka tuone ni nini hasa kilichomletea baba yake ng'ombe. Nikamtuma kijana wa kutupia muvi kwenye flashi aniwekee Commando ya Kiingereza, tukaiangalia wote, pande zote mbili za runinga. Maoni yangu ni haya: haifai. Ni saa moja na nusu, mtu mmoja anaua watu wa kujaza kata nzima, na ukiuliza sababu unaambiwa ni rais wa Val Verde, nchi ambayo hata kwenye ramani haipo. Hakuna aliyedaiwa, hakuna aliyeahidi, hakuna mzee aliyeitwa kusuluhisha. Mke wangu alisema aiskrimu tu ndiyo iliyomvutia.

Maoni hayo nimeyapeleka Kiabakari. Baba mkwe ni mtu wa haki, hakuyakataa. Alisema hawezi kuhukumu sinema ambayo hajaiona, na kwamba nikimletea mkanda ule wa Kamunyonge akasikia kwa masikio yake mtafsiri akitaja ng'ombe, atakubali kwamba sikuwatishia watoto wake bali nilipotoshwa, na dhamana itarudi.

Mkanda sijaupata. Nimeuulizia Nyasho, nimeuulizia Mwigobero, nimezunguka kwa wauza flashi wote wa Bweri. Mwenye kibanda alishahama, na pale kibanda kilipokuwa pana duka la dawa za mifugo. Rafiki yangu wa tundu la kulia anakumbuka kila neno, lakini wakwe wamekataa ushahidi wa mtu aliyeona nusu.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna boksi la mikanda ya zamani chini ya kitanda, tafadhali lifungue. Ni mkanda mweusi, juu yake kumeandikwa kwa kalamu KOMANDOO, na mtafsiri ana mafua. Ukiupata niletee Kamunyonge, gharama za basi juu yangu. Fanya haraka kidogo: yule ng'ombe wa tisa ameshazaa mara mbili, na kila ndama anayezaliwa anafanya kesi iwe ngumu zaidi.