Sifa za Nondo wa Nafaka

Wamesifiwa simba, ndovu, hata jogoo. Leo naomba zamu ya mpangaji wa ghalani asiyelipa kodi: nondo wa nafaka.

Umbo lake ni la staha. Akitandaza mbawa hafiki sentimita mbili. Rangi ni ya bua kavu, na mbawa za nyuma zina matamvua laini ambayo hata mshona kanzu angeyahusudu. Nasaba anayo: Wafaransa Duhamel du Monceau na Tillet walimwandikia kitabu kizima mwaka 1762, alipowanyanyasa wakulima wa Angoumois. Wewe umeandikiwa nini?

Tena ana adabu. Dumuzi, mdudu mgeni aliyeingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, hutapanya unga kila apitapo. Nondo hana makeke hayo. Akishakomaa hagusi punje hata moja, naye kazungukwa na magunia! Anayekula ni mtoto, na mtoto hashitakiwi. Kiwavi akianguliwa hupenya punje kwa kitundu kama cha sindano, akala kiini mpaka kikaisha. Kisha hulikwangua ganda kutoka ndani hadi kibaki kidirisha cha mviringo, chembamba kama ngozi ya kitunguu. Hulala humo, akageuka, akasukuma kidirisha kwa kichwa, huyoo! Chumba, chakula na mlango ndani ya punje moja, bila fundi.

Na bidii je? Hangoji mavuno. Huyafuata mahindi yangali shambani, ukayabeba mwenyewe hadi nyumbani pamoja naye.

Uzalendo haumpungukii. Wataalamu humfuga ili mayai yake yawe malezi ya nyigu wadogo mno, ambao huachiwa mashambani waangamize mayai ya nondo wengine waharibifu. Nani mwingine ametoa wanawe namna hiyo?

Kasoro yake ni moja: hawezi kuishi bila hewa. Mahindi yaliyokauka barabara, yakapukuchuliwa na kufungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, humuua. Kwa hiyo, ukitaka kumuenzi, yaache mahindi bila kuyapukuchua, kihenge wazi, wala usiyakague miezi sita. Hakuibii kila kitu. Maganda yote utayakuta.