Nimegongwa na Kipanya

Mkono wangu wa kulia ulianza kulala kabla yangu na kuniamsha baada ya hapo. Saa nane za usiku najikuta nimekaa kitandani, kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, vinachoma kama vimepitiwa na siafu, nami naukung'uta mkono hewani ili urudi kwa mwenyewe. Usiku wa kwanza mke wangu, Mama Zawadi, alidhani nampungia mtu. Usiku wa tatu akaniuliza kama nampungia mtu kweli au napunga pepo.

Kisa chenyewe kilikuwa kuku. Nilikuwa natafsiri mwongozo wa ufugaji wa kuku wa mayai, kurasa 180, na mwenye kazi aliutaka mwisho wa mwezi. Kwa wiki tatu nilikuwa naketi kwenye kiti cha plastiki, kompyuta mpakato na kibodi yake ya kuchomeka viko juu ya meza ya kulia chakula, na meza hiyo inanifika karibu na kifua. Nilikuwa nachapa kama mtoto anayechungulia kaunta ya duka. Tulipofika kwenye magonjwa ya vifaranga, kikombe cha chai kiliniponyoka mkononi bila kuniaga.

Nikaenda duka la dawa, nikanunua bandeji ya kukaza, nikajifunga kuanzia kiganjani hadi nusu ya mkono, nikatoka kwenda kunywa supu. Mama lishe wetu pale Tabata ni mtu wa huruma.

"Pole, mwalimu. Umepatwa na nini?"

"Nimegongwa na kipanya."

Hapa inabidi nijieleze. Watu wote wenye akili timamu husema mausi. Mimi ni mtafsiri, ninalipwa ili nisiseme mausi. Kipanya ni neno zuri, lina mkia na umbo lake, nami nimelipigania kwenye vikao vya watu wazima. Nilichosahau ni kwamba katika jiji la Dar es Salaam neno hilo lilishapata wenyewe kabla kompyuta hazijafika mtaani kwetu: ni zile Hiace za abiria, zinazopenya mahali ambapo hata mbuzi angesita.

Upawa ukasimama hewani. "Kimekugongea wapi?"

"Nyumbani. Mezani."

"Yesu wangu! Kimeingia mpaka ndani?"

Ilikuwa dakika ya kusahihisha, na kusahihisha ndiyo kazi yangu. Lakini bakuli lilikuwa limeshatua mbele yangu, lina minofu miwili ambayo sikuiagiza, na kando yake chapati ambayo hakuna aliyeizungumzia bei. Nilinyamaza. Naomba msomaji anihukumu akiwa na njaa.

Kwanza nilikuwa nimeshaonja dunia ya ukweli. Ukimwambia mtu wa Tabata kwamba umeumia kwa kukaa, anakutazama kama uliyelewa kwa maji. Aliyeanguka bodaboda ana hadithi. Aliyekatwa na panga shambani ana hadithi. Mimi nilikuwa nimejeruhiwa na kuku wa kwenye karatasi. Kaka yangu nilipompigia simu kumweleza, alisema, "Hiyo baridi yabisi tu, paka mafuta ya karafuu," akageuzia mazungumzo kwenye mpira.

Kufikia jioni habari ilikuwa imekomaa. Kipanya kilikuwa kimekatika breki, kimebomoa ukuta, kimeniburuta na meza. Fundi seremala wa jirani akaleta machungwa kumi na mawili. Vijana wa kijiwe cha bodaboda wakachangishana shilingi 15,000, na mwenyekiti wao akaja kunikabidhi mwenyewe, akiwa na daftari.

"Mwalimu, namba zake uliziona?"

Nikamjibu kweli tupu. "Ziko chini ya tumbo. Ni ndogo mno, hazisomeki."

Wakatazamana. "Wamezifuta hawa," akasema mwenyekiti, akaandika.

Siku ya tatu walikuja kuona ukuta. Wakauzunguka. Wakaugonga. Fundi seremala akapitisha kiganja kwenye plasta, maana plasta mpya anaijua. Halafu wote wakanigeukia, nami nikawaonyesha mezani, pale kilipolala kando ya chai. Fundi akakishika mkia, akakining'iniza.

"Hiki?"

"Hicho."

"Mwalimu, mimi napiga randa mwaka wa ishirini."

Nikajitetea kwa historia. Nikawaambia kuwa Mtaliano mmoja, daktari Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu cha magonjwa ya mafundi na wafanyakazi mwaka 1700, na katika toleo la 1713 akawaongeza makarani, tena akataja yanayowaumiza: kukaa kutwa, mkono kurudia mwendo uleule, na akili kukazana isikosee. Miaka mia tatu na zaidi! Kabla ya kompyuta, kabla ya umeme! Wakanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Sawa," mwenyekiti akasema. "Basi huyo Mtaliano ndiye akuchangie."

Fundi akahesabu machungwa yaliyobaki, saba, akaondoka nayo.

Kwa aibu hiyo ndipo nilipokwenda hospitali. Mtaalamu wa tiba ya viungo alikuwa dada mdogo kuliko kibodi yangu, na hakunicheka, jambo lililonitia wasiwasi. Aliniuliza vidole gani vinakufa ganzi. Nikataja vitatu na nusu ya cha pete. "Na kidogo?" Kidogo kizima kabisa. Akatikisa kichwa kama hakimu aliyepata ushahidi, akaniambia nigusanishe migongo ya viganja, vidole vikitazama chini, nikae hivyo dakika moja. Haikufika nusu, siafu wakarudi.

Akanieleza kwa kuchora. Kwenye kifundo cha mkono kuna kijia chembamba, chini yake mifupa, juu yake utepe mgumu usiotanuka. Ndani yake hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na mshipa mmoja wa fahamu. Kano zikifanyishwa kazi bila kupumzika huvimba, kifundo kikikunjwa njia huzidi kubana. Nikaelewa mara moja: ni daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, kano tisa zimeshapanda na mabegi yao, na mshipa wa fahamu ndiye abiria aliyebanwa dirishani anayepiga kelele. Anayepiga kelele ndiye anayepeleka habari kwenye gumba na jirani zake. Kidole kidogo kinahudumiwa na mshipa mwingine, unaopita njia nyingine, kwa hiyo kilikuwa kinanitazama tu.

"Na bandeji hii," akaniuliza, "nani alikuambia uikaze hivi?"

Nilikuwa nimeibana daladala kwa kamba.

Akanipa kifaa cha kitambaa chenye bamba ndani, nikivae usiku ili kifundo kisijikunje usingizini. Mchana kifundo kinyooke, kisiinuke wala kuning'inia. Kipanya kikae karibu na kibodi, nikisogeze kwa mkono mzima badala ya kupepesua kifundo. Nisikikabe; hakikimbii. Kila nusu saa niinuke. Ganzi ikigoma kuondoka au gumba likianza kukosa nguvu, nirudi haraka, nisisubiri. Kisha akaniuliza kuhusu vile vijiguu viwili nyuma ya kibodi, nami nikajibu kwa fahari kwamba tangu nijue kompyuta nimeviinua. Akaniambia nivilaze. Kumbe ukiviinua unakikunja kifundo kuelekea juu kutwa nzima. Miaka kumi na minne nilikuwa nimedhani ni heshima kwa kibodi.

La mwisho lilikuwa kimo: viwiko vikikaa ubavuni, kibodi iwe usawa wake. Nikapima nyumbani. Meza ilikuwa imezidi sentimita 9. Nikamwita fundi seremala, ambaye alikuja na msumeno na kinyongo, akaikata miguu yote minne kwa robo saa. Bei yake ilikuwa shilingi 15,000. Nilimlipa palepale, na jioni ile nilimwona kijiweni akimkabidhi mwenyekiti kitu.

Mama Zawadi aliporudi kutoka sokoni alivuta kiti, akaketi, magoti yakagonga meza, sahani zikaruka. Aliniuliza swali moja tu, taratibu: "Hukuweza kukalia mto?" Nilipokwenda hospitali mara ya pili nikamweleza yule dada habari ya meza. Akasema vilevile, neno kwa neno, akaongeza kwamba miguu ningeiwekea kibao cha kukanyagia. Siku hizi tunakula mkekani.

Mkono wa kulia unaendelea vizuri. Sasa anayelalamika ni kidole kidogo cha kushoto, na hili ni letu wenyewe. Waliopanga kibodi ya Kiingereza waliitupa herufi a pembeni kabisa, chini ya kidole kilicho dhaifu kuliko vyote, maana wao wana e yao. Kiswahili je? Andika "wafanyakazi wanatakata" uone. Kila mwanadarasa, kila barabara, kila karanga ya nchi hii inabebwa na kidole kimoja kinyonge ambacho kazi yake ya awali ilikuwa kufikia pembe ya sikio. Mwongozo wa kuku wa mayai una a ngapi sikuhesabu, ila kidole kinajua.

Wiki iliyopita nilikwenda dukani kununua kipanya kingine, kikubwa kidogo, cha kujaa kiganja. Muuzaji akaniuliza nataka nini. Nilipofungua mdomo nikamwona mwenyekiti wa kijiwe amesimama nyuma yangu, ananunua vocha, sikio wazi.

"Mausi," nikasema.