Vidole Ni Vyako, Anachapa Nani?

Msyuu! Mtoto wa watu kafaulu kidato cha sita, vyuo viwili vimemchagua, halafu tunamkuta hapa kijiweni Mkula ameshika tama. Kisa? Namba ya uthibitisho imetumwa kwenye simu ya mtu mwingine.

Utaratibu wenyewe tunaujua. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inapotangaza waliodahiliwa, aliyepata chuo zaidi ya kimoja anatakiwa athibitishe kimoja tu, kwa namba maalumu ya siri anayotumiwa kwa ujumbe mfupi au barua pepe, kupitia namba ya simu na anwani alizoombea. Sasa kijana wetu aliombea stesheneri. Simu aliyojaza ni ya stesheneri. Barua pepe alifunguliwa palepale, na nenosiri lake limebaki kwenye brauza ya palepale. Jamani, huyo kaomba chuo, au kaombewa?

Basi juzi dereva bodaboda mmoja akaleta hoja kwamba dawa ipo: siku hizi kompyuta inamtambua mtu kwa namna anavyochapa. Mzee mmoja akamgeukia: "Ng'wanawane (mwanangu), alama za vidole si tulishatoa?" Ni kweli, baba, tulitoa. Usajili wa laini kwa alama za vidole na namba ya NIDA ulianza tarehe 1 Mei 2019, na foleni zake tunazikumbuka. Lakini hili ni jambo jingine. Hapa haipimwi ngozi ya kidole, unapimwa mwendo wake.

Ukibonyeza herufi, kidole hukaa juu ya kitufe kwa muda fulani, kisha huruka kwenda kitufe kingine kwa muda fulani. Muda huo ni mdogo mno, huhesabiwa kwa sehemu za elfu za sekunde, na kila mtu ana mpangilio wake. Ni kama pale nyumbani unapomjua anayekuja usiku kwa hatua zake, kabla hajabisha hodi.

Wala jambo hili si geni duniani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliokuwa wakinasa mawasiliano ya redio ya Wajerumani walimtambua mtuma simu kwa mkono wake tu, jinsi alivyogonga nukta na vistari. Mwaka 1980 watafiti wa taasisi ya RAND ya Marekani wakawapima wachapaji saba wazoefu, wakaona kila mmoja ana mdundo wake. Kisha kampuni ya TypingDNA, iliyoanzishwa Romania mwaka 2016, ikatengeneza programu ya kuongeza kwenye brauza. Programu hiyo ilitengenezwa itoe namba za uthibitisho za tarakimu sita, zile zinazobadilika kila sekunde 30, ila isikuoneshe mpaka uchape na mdundo wako ukubaliwe. Na hapo wamefikiri vizuri. Kama nenosiri na namba ya uthibitisho vyote viko kwenye kompyuta moja, anayekaa kwenye kiti hicho kashika funguo zote mbili. Ule uthibitisho wa hatua mbili umegeuka kuwa hatua moja.

Sasa ngojeni, maana hapa ndipo panaponikera. Chukua ufundi huo, upeleke kwenye stesheneri zetu, Mkula, Lamadi mpaka Bariadi mjini. Ni nani anayechapa? Binti amesimama nyuma ya kiti, anataja namba yake ya mtihani, na kijana wa stesheneri ndiye anayepiga vitufe. Kompyuta itajifunza vidole vya nani? Vya kijana wa stesheneri! Binti akifika chuoni Dodoma, akikaa mwenyewe kwenye kompyuta, mashine itamkataa: wewe si mwenye akaunti. Na yule aliyebaki huku itampokea kwa heshima zote. Mlinzi kafanya kazi yake sawasawa, ila mwenye nyumba ndiye kafungiwa nje.

Kumbukeni pia kwamba wale saba wa RAND walikuwa watu wa kuchapa kila siku. Mdundo huja kwa mazoea. Mtoto anayegusa kibodi kwa mara ya kwanza siku ya kuomba mkopo wa elimu ya juu wa HESLB bado hana mdundo, anatafuta herufi A iko wapi. Leo anachapa hivi, kesho vile. Huyo mashine itamtambuaje?

Na tusisahau mdomo. Tapeli anayepiga simu akijiita huduma kwa wateja, akakubembeleza umsomee namba iliyoingia kwenye simu yako, hana haja na vidole vyako. Ukiisoma, umempa. Namba hiyo haisomwi kwa mtu yeyote, hata awe na sauti ya upole namna gani. Namba ya simu ya tapeli itume kwenda 15040.

Siwalaumu vijana wa stesheneri. Wengi wanasaidia watoto wasio na kompyuta nyumbani wala shuleni, na bila wao wengi wangekosa chuo kabisa. Lakini msaada una mpaka wake. Ndugu yangu wa stesheneri, inuka, mpishe mtoto akae. Mwelekeze, achape mwenyewe hata akichukua saa nzima. Barua pepe iwe yake, nenosiri alijue yeye peke yake, brauza ikiuliza kama ilihifadhi, aikatalie, na akimaliza atoke kwenye akaunti mbele ya macho yako. Taarifa zake zina ulinzi wa sheria iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo usione ni hisani.

Nanyi wazazi, mavuno ya pamba yakiuzwa, kabla ya mengine yote, mtoto anayeingia kidato cha sita apate laini iliyosajiliwa kwa jina lake. Walimu wetu, zile kompyuta chache zilizopo shuleni zisifungiwe ofisini zikingoja wageni. Watoto wachape barua, wachape insha, vidole vizoee. Kufuli za kisasa zinakuja, na zitamlinda yule tu aliyezoea kufungua mlango wake kwa mkono wake mwenyewe.