Mjomba Ringi Anajibu: Kung'aa Kuna Gharama

Wiki hii mfuko wa barua umefurika wenye makruza, yale mapikipiki mazito ya kuketi umeegama, miguu mbele, haraka hakuna. Kila mmoja ana shida na magurudumu, na nusu yao wana shida na wake zao kwa sababu ya magurudumu. Mjomba hakusomea ushauri nasaha. Ana spana, kitambaa na mdomo. Basi tunaanza na pikipiki, ndoa zitafuata.

Mjomba, shikamoo. Ninakaa Muscat, karibu na bahari. Harley yangu nimeifunga ringi za kromu mbele na nyuma. Nikirudi kazini nazifuta kwanza, ndipo nimsalimie mke wangu. Sasa amenuna, anasema nimeoa pikipiki. Na pamoja na kufuta kote huko, naona vipele vimeanza kutoka karibu na valvu. – Mfutaji, Muscat

Marahaba, mpwa wangu. Umeoa mitala bila kujijua, na mke wa pili ndiye mwenye gharama.

Kinachong'aa kwenye ringi zako kwa sehemu kubwa ni nikeli. Kromu imelala juu yake, kazi yake ni kuilinda isipauke na kuipa ule weupe wenye ubuluu kwa mbali. Unene wake haufiki mikroni moja, na unywele wa kichwa chako una kama 70. Utando mwembamba namna hiyo hauwezi kukosa vinyufa. Chumvi ya bahari ikipata upenyo hushuka hadi kwenye aluminiamu, nayo huota unga mweupe huko chini na kuisukuma kromu juu. Hivyo ndivyo vipele vyako. Vikitambaa hadi pale tairi linapokalia ringi, utakuwa unajaza upepo kila mara na msumari huuoni.

Vipele havina polishi. Ringi ichunwe ipakwe upya, au itafutiwe mbadala, na mkaa pwani ningemshauri rangi ya poda. Ukiing'ang'ania kromu, isuuze kwa maji matamu ikiwa imepoa, sabuni iwe laini, ikaushe, uipake nta. Dawa za ringi zenye asidi usizikaribishe nyumbani kwako kabisa. Na mama watoto msalimie kwanza. Chumvi itakusubiri dakika tano, yeye ameshasubiri vya kutosha.

Niaje, Mjomba. Nina Street Glide, na jamaa mmoja wa kikundi chetu amesema bila ringi ya inchi 26 mbele, mimi ni mtalii tu. Niuze shamba? – Kijana wa Ngong Road, Nairobi

Poa, mpwa. Shamba liache.

Street Glide za miaka ya karibuni hutoka kiwandani na inchi 19 mbele. Ukitaka 26, bei ya ringi ni kiingilio tu. Mara nyingi shingo ya fremu hukatwa ikachomelewa kwa pembe nyingine, madigadi yanatengenezwa mapya, na mkao wote wa mbele unapangwa upya. Hesabu ya pembe ikikosewa, usukani unakuwa mzito kwenye mwendo mdogo, na wewe unaishi kwenye foleni. Mtindo huu umekulia Marekani, kwenye maonyesho na mikusanyiko kama ule wa Sturgis, South Dakota, kila Agosti, ambako pikipiki nyingine hufika zimebebwa kwenye trela.

Halafu kuna matuta. Ringi ikikua, mpira hupungua kimo. Tuta ambalo halikuchorwa alama, usiku, mpira mwembamba: hapo anayepokea kipigo ni ringi yenyewe. Ukiwashwa sana, ishia inchi 21. Kwa kawaida fremu haikatwi, ila pima nafasi chini ya madigadi kabla hujalipa. Na muulize muuzaji kama ringi imesubiwa au imefuliwa. Ya kusubu humiminwa kwenye kalibu, bei yake ni nafuu, lakini ikipigwa sana inaweza kupasuka. Ya kufua hukandamizwa kutoka kwenye pande zima la aluminiamu, ni imara zaidi kwa uzito uleule, na bei yake inajua hivyo.

Yule jamaa naye muulize: siku ringi ikipinda Mai Mahiu, atakuja kusukuma?

Mjomba, shikamoo. Nina kruza ya Kichina. Fundi amenipakia ringi rangi ya poda nyeusi, zikapendeza hadi majirani wakaja kutazama. Tangu siku hiyo nikishika breki ya mbele mkono unatetema, na bolti za diski zimelegea mara mbili. Fundi anasema barabara ya Kigamboni ina majini. – Natetemeka, Dar es Salaam

Marahaba. Majini wa Kigamboni waombwe radhi.

Rangi ya poda ni unga unaorushwa ukiwa na chaji ya umeme ili ung'ang'anie chuma, kisha ringi inaokwa kwenye tanuri kwenye nyuzi kama 200 za Selsiasi. Unga unayeyuka, unakuwa ngozi ngumu, nene kuliko kromu mara nyingi sana. Kwa barabara za vumbi na changarawe sijaona rangi yenye staha kama hiyo. Lakini ina mipaka yake. Pale diski ya breki inapokalia panatakiwa chuma kwa chuma. Fundi wako hakupaziba kabla ya kurusha unga. Diski imekaa upande juu ya rangi, ndio mtetemo. Rangi iliyobanwa chini ya diski nayo inakandamizika kila breki inapopata moto, na bolti zinapoteza mkazo.

Pikipiki iegeshe leo. Vua diski, usafishe makalio yake mpaka chuma kionekane, weka bolti mpya, zikazwe kwa spana ya kupimia mkazo kwa kiwango cha kiwanda. Kisha muulize fundi swali moja tu: beringi alizitoa kabla ya kuoka? Akikuna kichwa, zitupe. Grisi imeshatoka na sili zimeungua.

Mjomba, habari za nyumbani? Mimi ni Mkenya, niko Wichita, Kansas. Nataka ringi za sahani nzima, mbele na nyuma, kama Fat Boy ya zamani. Mke wangu, tunayepanda wote, anataka spoki. Tupatanishe. – Bwana wa Kansas

Nyumbani salama, mpwa. Najua ugonjwa ulikotoka. Fat Boy ilitoka 1990 ikiwa na magurudumu ya sahani nzima, mwaka uliofuata Arnold Schwarzenegger akaipanda kwenye *Terminator 2*, na tangu hapo wanaume hawakulala.

Lakini unaishi Kansas, nyika tupu, na upepo wa ubavuni. Sahani ya nyuma upepo ukiipiga, pikipiki inayumba kidogo, unavumilia. Ya mbele inageuka pamoja na usukani, kwa hiyo upepo unakushikia mkono na kuchagua njia. Suluhu yangu: sahani nyuma, spoki mbele. Wewe umepata nusu, mkeo amepata nusu, na anayekaa nyuma atafika nyumbani. Kumbuka tu kwamba ringi nyingi za spoki huhitaji tyubu, na ukitoboka barabarani hutaziba kwa kijiti kama tairi lisilo na tyubu.

MAJIBU MAFUPI

*Nimebadilisha ringi, taa ya ABS haizimiki (Dubai).* Harley nyingi zenye ABS husoma mwendo kupitia sumaku iliyomo ndani ya beringi moja. Umewekewa ya kawaida, nazo zinafanana. Gusisha kibanio cha karatasi kwenye uso wa beringi: ya ABS itakinasa.

*Nitajuaje spoki imelegea (Arusha)?* Zigonge moja moja kwa spana ndogo. Iliyokazwa inalia, iliyolegea inaguna.

*Nataka ringi zangu za chuma zitiwe rangi ya dhahabu kwa umeme na asidi, kama aluminiamu (Mombasa).* Njia hiyo huikuzia aluminiamu ngozi yake yenyewe ya oksidi. Chuma ukikipeleka kwenye beseni lile kitarudi kimeliwa. Tafuta poda ya dhahabu.

*Nataka chopa kama ya Peter Fonda kwenye* Easy Rider *(Kampala).* Waliohusika kuiunda, Cliff Vaughs na Ben Hardy, ni Wamarekani weusi ambao filamu ya 1969 haikuwataja. Wape heshima yao, lakini usiige kila kitu: gurudumu lake la mbele halikuwa na breki.

*Mjomba, ringi gani huvutia zaidi wakwe (Morogoro)?* Zilizokwisha kulipiwa.